Gari la Rangi ya Tumbaku

Harufu ya thina hunikasirisha. Wengine huumwa kichwa, wengine hupiga chafya, mimi hukasirika kwanza, halafu ndipo nakumbuka kwa nini. Juzi kijana mmoja mtaani kwetu alikuwa anapuliza rangi bampa la gari lake kando ya barabara, kajifunga kitambaa puani, nami nilikuwa natoka dukani na mkate. Nikasimama kumwangalia. Akaniuliza, "Vipi dada, imekaa?" Nikamwambia imekaa, ingawa ilikuwa inachuruzika wazi, nikaenda zangu nyumbani na mkate nisiule.

Wa rika langu waliokulia Tabora watakumbuka magari tuliyokuwa nayo. Kulikuwa na malori ya tumbaku, pikapu za mapadri, magari ya ofisi, na yale ya kukodi yaliyosimama stesheni kungoja treni. Gari la spoti tuliliona kwenye kalenda za vinyozi. Sasa fikiria mtoto wa darasa la tatu, mtaa wa Chemchem, anaamka asubuhi anakuta gari la spoti la milango miwili uani kwao, limeshushwa kwenye lori, pua imebonyea, kioo cha nyuma hakipo, na baba yake amesimama mbele yake mikono kiunoni, anatabasamu peke yake. Mama alitoka jikoni, akalitazama, akarudi jikoni.

Baba hakuwa fundi. Alikuwa mteuzi wa tumbaku kule Urambo. Msimu wa kununua, wakulima wakileta marobota yao kwenye kituo, yeye ndiye aliyeyafungua, akachomoa jani, akalinyoosha juani, akalipapasa, akatamka daraja lake. Watu walimchukia na kumheshimu kwa pamoja. Jumamosi alirudi Tabora nguo zikinuka tumbaku, akavua shati, akavaa kaptula iliyochanika, akaingia chini ya gari. Marafiki zake walimwambia alipeleke kwa fundi bodi amalize mara moja. Akawajibu kwamba fundi atatengeneza gari la fundi.

Alikuwa na magazeti ya magari ya Kijapani ambayo hakuna aliyejua kuyasoma. Alitazama picha tu. Pua aliinyoosha kwa nyundo ya mpira, akiwa ameegemeza gogo upande wa pili wa bati. Sketi za pembeni, zile zinazolifanya gari lionekane limechuchumaa, alizitengeneza kwa faiba na gundi iliyonuka mpaka kuku wetu wakahamia kwa jirani. Bawa la nyuma alilichonga kwa mbao ya mninga, akalivika faiba, akalisugua mpaka huwezi kujua kwamba ndani kuna mti. Taa zake zilikuwa zile za kujificha ndani ya boneti. Ukibonyeza kitufe zinachomoza. Moja ilichomoza, nyingine iligoma, kwa hiyo gari likawa linatukonyeza.

Kazi yangu mimi ilikuwa msasa wa maji. Nilikaa na ndoo, nikachovya karatasi ile ngumu, nikasugua pale baba alipopaka puti ya kuzibia mabonyeo, na maji ya kijivu yakanitiririkia mpaka viwikoni. Vidole vilikunjamana, kucha zikaisha. Baba akija kukagua alinifumbisha macho, akanishika kiganja, akakipitisha taratibu juu ya mlango. "Unasikia kilima?" Nilisikia. "Basi hapo bado." Sijawahi kumpenda mtu kama nilivyompenda yeye katika dakika zile.

Rangi ilimsumbua kuliko pua. Nyekundu aliiona ya watu wote, bluu aliiita ya ofisini. Jumamosi moja akatoka Urambo na jani moja la tumbaku kalilaza ndani ya gazeti, jani la daraja la juu kabisa, la rangi ya chungwa inayoelekea dhahabu. Akalibandika ukutani kwa gundi ya karatasi, akaanza kuchanganya. Njano, nyekundu kidogo, tone la nyeusi kwa ncha ya kijiti, akazimua kwa thina. Alipaka kwenye kipande cha bati, akasubiri kikauke, akakilinganisha na jani, akatukana, akaanza upya. Alipoipata, alimwita mama. Mama akaangalia bati, akaangalia jani, akasema, "Unataka kuliendesha au kulivuta?" Lakini aliondoka akitabasamu.

Siku ya kupuliza ilikuwa kiangazi, na kiangazi cha Tabora ni vumbi tupu. Baba alimwagia uwanja mzima maji. Akachukua mashuka ya mama, akayalowesha, akayaning'iniza kwenye kamba kuzunguka gari kama wigo. Kompresa aliazima kwa mziba pancha. Vioo na taa vilifunikwa kwa magazeti. Nilikatazwa kuingia, nikachungulia kati ya mashuka mawili nikamwona baba amejifunika uso, mkono ukienda na kurudi, ukienda na kurudi, na ule ubavu wa kijivu ukigeuka jani. Alimaliza pua na upande wa kushoto. Rangi ikaisha. Upande wa kulia ukabaki na praima, ile rangi ya chini ya kijivu, akasema wiki ijayo atachanganya nyingine.

Hapo katikati kulikuwa na Mzee Kondo, na huyu ndiye niliyemchukia. Alikuwa fundi wa kushona viti vya magari na makochi, Mzaramo aliyekuja Tabora kwa treni akiwa kijana na hakurudi kwao. Alikuja kila Jumamosi na cherehani yake, akaketi chini ya ukuta, akashona viti vya gari letu kwa reksini nyeusi yenye uzi mwekundu. Nilimwamkia, "Shikamoo Mzee Kondo," naye akajibu, "Marahaba, mjukuu wa wapagazi," bila kuinua kichwa. Kisha yeye na baba walianza.

"Mnyamwezi, hii rangi umeiokota chooni?"

"Shona, Mzaramo. Najua mkono umezoea ngoma, lakini jitahidi."

"Ukifa nalichukua gari hili. Nitafugia kuku."

"Ukifa wewe nakuzika na hiyo cherehani, ukafanye huko kazi unayoikwepa hapa."

Utani wa makabila niliujua. Shuleni tulitaniana, kwa majirani walitaniana, na watu walicheka. Hawa wawili hawakucheka. Walitukanana uso mkavu, mmoja akipiga nyundo, mwingine akikanyaga cherehani, kutwa nzima. Nikaamua kwamba wanachukiana, na kwamba baba anamvumilia kwa sababu ya viti. Kila neno la Mzee Kondo nililiweka moyoni, hasa lile la kufa.

Katikati ya wiki iliyofuata siku ya kupuliza, baba akaugua Urambo. Homa, wakasema. Ijumaa wakamleta amefunikwa. Mimi niliyekuwa nangoja Jumamosi nikaipata na uwanja umejaa watu, wanawake ndani, wanaume nje, na gari lenye nusu rangi likiwa limesukumwa ukutani kupisha mkeka.

Watoto hawakupelekwa makaburini, lakini habari zilirudi kabla ya watu. Mzee Kondo alishuka kaburini akalala humo, akasema ni fupi, Mnyamwezi huyu ana miguu mirefu ya kubebea pembe za ndovu. Alimkataza mtu kumwaga udongo mpaka wamtafutie ugoro. Waliosimulia walikuwa wanafuta machozi na kucheka. Na watu waliporudi walimkuta yeye katangulia, kaketi kwenye kiti cha dereva, ufunguo mkononi, na kuku wetu mmoja kampakata. Upande wa kijivu kauandika kwa chaki, herufi kubwa za kupinda: MALI YA MZARAMO, MNYAMWEZI USIGUSE.

"Marehemu aliniahidi," akasema. "Nyote mlisikia."

Wazee wakatikisa vichwa, mmoja akamwambia, "Haya mtani, kaa nalo." Hakuna aliyemtoa. Nilitazama uso mmoja mmoja nikitafuta mtu mzima mwenye hasira, na mwenye hasira nilimpata mmoja tu, baba mkubwa Hamisi.

Baba mkubwa alikuwa kaka yake baba, mwenye mashine za kusaga Nzega. Alikuja na koti juu ya kanzu na ndiye aliyegharamia msiba, jambo ambalo alihakikisha tunalijua. Aliliona gari, akalizunguka, akagonga boneti kwa kifundo cha kidole. Kabla ya kuondoka alisimama kwenye mlango wa chumba cha mama, mimi nikiwa nimejibanza nyuma ya pazia.

"Shemeji, pole. Hili gari ni mali ya ukoo. Kijana wangu anarudi kutoka Dar, atalitumia. Nikija kwenye arobaini naondoka nalo."

Mama alikuwa kwenye eda, hatoki, haongei na wanaume zaidi ya lazima. Na hata angekuwa huru sijui angesema nini. Yeye alizaliwa Ulyankulu katika familia za watu waliotoka Burundi, akasilimu alipoolewa, na upande wa baba wapo waliokuwa bado wanamwita mgeni. Shangazi Tatu, dada yao mkubwa aliyekuja kutoka Kigwa kwa treni, alikuwa ameketi kando ya mama. Alimtazama mdogo wake mpaka akaondoka.

Usiku ule nilimuuliza mama kwa nini hamfukuzi Mzee Kondo.

"Mimi hapa si wa kumfukuza mtu," akasema. "Huyo ni mtani wao. Kwetu hatunao hao. Wanasema hakasirikiwi, na akishika kitu cha marehemu hugombolewa."

"Atalichukua kweli?"

"Sijui, mwanangu. Huyu anasema lake, yule anasema lake." Kisha akasema jambo ambalo sijalisahau. "Zile nguo za baba yako wameshagawana. Hilo gari nalo likiondoka, nyumba hii haitakuwa na kitu alichokishika kwa mkono wake."

Basi nikawa na maadui wawili na gari moja. Wiki zile zilikuwa ndefu kupita kiasi. Mzee Kondo alikuja kila siku. Aliingia garini, akafunga mlango, akashona humo humo kwa mkono, au akakaa tu. Kuku alimruhusu atage kwenye kiti cha nyuma, kile kiti cha reksini yenye uzi mwekundu! Nikitoka shule nilikwenda moja kwa moja ukutani kuhakikisha kwamba lipo. Mvua za kwanza zilipofuta chaki yake, aliandika upya. Nilikuja na kitambaa nikafuta, naye akanitazama kupitia kioo, akasubiri nimalize, akashuka na chaki nyingine akaandika juu ya pale pale nilipofuta, herufi kubwa zaidi. Nilimwambia kwamba yeye ndiye aliyemwombea baba kifo.

"Nani kakufundisha hesabu hiyo?" akauliza. Kisha, "Wewe kidole, kale wali wako."

Kijana mmoja wa mashineni kwa baba mkubwa alikuja katikati ya wiki hizo kupima urefu wa gari kwa kamba. Mzee Kondo alimfungulia mlango, akamkaribisha aketi, akamuuliza kama anajua kwamba Mnyamwezi akiketi kwenye kiti alichoshona Mzaramo huota mkia. Kijana alicheka, lakini hakuketi. Mimi nilikuwa dirishani nikiomba wapigane, wote wawili waumie, gari libaki.

Siku ya arobaini ilifika. Ilisomwa hitima asubuhi, watu wakala pilau, na kabla sahani hazijaondolewa lori likarudi nyuma hadi mlangoni kwa honi. Baba mkubwa akashuka na watu wake na kamba nene. Mzee Kondo alikuwa kwenye kiti cha dereva, kanzu safi, kofia ya kiua.

"Mtani," baba mkubwa akasema kwa sauti ya kuchangamsha watu, "umelilinda vizuri. Nimekuletea mbuzi. Shuka tukubaliane."

"Mbuzi ni wa mtu anayegomboa baiskeli," Mzee Kondo akajibu. "Hili ni la spoti."

"Unataka nini?"

Mzee Kondo akatoa kichwa dirishani. "Babu zako walipita kwetu wakienda pwani, wamejitwika mizigo ya Waarabu, wanaimba. Ndivyo tulivyokuwa watani. Basi nataka nione upagazi tena. Mtu atoke hapa hadi sokoni, ajitwike gunia la chumvi ya Uvinza, alilete hapa kichwani kwa miguu yake, mimi nyuma yake napiga debe. Akifika, gari limegombolewa. Naanza na wewe, mkubwa wa nyumba."

Watu waliangua kicheko. Baba mkubwa naye alicheka kidogo, akitazama huku na huku, kisha akaona kwamba Mzee Kondo hacheki. Akashika kola ya koti lake.

"Mimi? Nitembee mjini na chumvi kichwani?"

"Babu yako alitembea."

"Nitakupeleka serikali za mitaa, Kondo."

Hapo kicheko kikakatika. Wazee walitazama chini, na hata mimi nilihisi kwamba amesema kitu kisichosemwa. Kumshtaki mtani msibani! Baba mkubwa akajirekebisha haraka, akasema anatania, akafuta jasho. Lakini mzigo hakuutaka. Akaongeza mbuzi wa pili. Mzee Kondo akapandisha kioo.

Sikupanga kusema. Nilikuwa nimesimama karibu na tairi, nikimwangalia yule mwizi nyuma ya kioo na yule mwingine mwenye kamba, na nilichojua ni kwamba kitu cha baba kinanunuliwa mbele yangu kwa mbuzi. Nikasema, "Nitabeba mimi."

Kioo kikashuka. Mzee Kondo akanipima kutoka utosini hadi miguuni kwa dharau niliyoizoea. "Huyu kidole? Huyu ni wa nyumba ya marehemu?"

Shangazi Tatu alijibu kutoka barazani. "Ni damu yake. Hana mtoto mwingine."

"Mkubwa wa nyumba anasemaje?"

Baba mkubwa akapunga mkono. Alikuwa anashukuru kupata njia ya kutokea. "Mwacheni abebe. Abebe tu, tumalize mchezo huu."

"Mmesikia?" Mzee Kondo akawauliza wazee. Wakasema wamesikia. Akashuka.

Sokoni alichagua gunia mwenyewe. Lilikuwa dogo, lakini la chumvi ya mabonge, na chumvi ni nzito kuliko inavyoonekana. Alinitengenezea ngata kwa kanga ya mama, akanitwika mzigo kichwani, na shingo yangu ikaingia mabegani. Debe alilitundika shingoni, kijiti mkono wa kulia. Kwa mkono wa kushoto alishika fundo la gunia, nyuma yangu, nisikokuona. Nikajua anaukandamiza mzigo ili nishindwe.

Tukaanza. Debe likalia, na mji ukatoka kutazama. "Songa, Mnyamwezi! Bwana wako anakungoja Bagamoyo!" Wenye maduka wakasimama milangoni. Wanawake wakapiga vigelegele, wenye baiskeli wakashuka, watoto wa shule yangu, na hao ndio walioniuma zaidi, wakatufuata wakiimba wimbo walioutunga pale pale. Chumvi ilivuja kidogo, ikanichuruzikia usoni na jasho, ikaingia machoni. Sikuweza kupangusa kwa sababu mikono yote ilishika gunia. "Mnamwona? Babu zake walikuwa hawalii!" Silii, nikasema kwa meno. Nilikuwa nalia.

Kila hatua nilimtukana kimoyomoyo. Nilihesabu yote, kuku kwenye kiti, chaki, kaburi alilolilalia, na ule mkono wake uliotulia juu ya mzigo wangu bila kuondoka hata mara moja. Nilisema nikianguka nitaanguka mlangoni kwetu, si kabla. Tulipokaribia Chemchem tukafika kwenye mfereji wa maji ya mvua ambao kifuniko chake kilikuwa kimevunjika. Mimi nilipita juu ya ubao. Mzee Kondo alitaka kuruka, na ili aruke ilibidi akusanye kanzu yake kwa mkono. Akaondoa mkono kwenye gunia.

Uzito wote wa dunia ukashuka. Magoti yakakunjika, ngata ikateleza, nikaona ardhi inanijia. Sikuwa nimebeba mzigo ule kabisa, tangu sokoni. Nilibaki nimechuchumaa juu ya ubao, shingo inatetemeka, na katika muda ule mfupi nikaelewa kazi ya ule mkono. Alikuwa ameubeba yeye, kwa mkono mmoja, njia nzima, huku akinitukana kwa sauti ya kusikika mtaa mzima ili asionekane.

Asante isingefaa, watu walikuwa wengi na masikio ya baba mkubwa yalikuwa humo. Nikasema kwa nguvu zilizobaki, "Mzaramo mvivu, rudisha mkono."

Debe likanyamaza. Kisha nikasikia sauti yake, kavu ile ile aliyokuwa akimjibia baba. "Mkono gani, Mnyamwezi?"

"Huo unaouficha kwenye kanzu."

"Wapagazi wa siku hizi wana mdomo!" akauambia umati, na mzigo ukawa mwepesi.

Nilifika nyumbani nimesimama. Mama alikuwa nyuma ya pazia la dirisha, naliona linatikisika. Nikalitua gunia mbele ya gari, chumvi ikamwagika kwenye viatu vya baba mkubwa, naye akarudi nyuma hatua moja na kuwaambia watu wake walete kamba, mchezo umekwisha.

"Umekwisha kweli," Mzee Kondo akasema. Alitoa ufunguo mfukoni, akauinua wote wauone, akaniwekea kiganjani. "Nilishika mali ya marehemu, imegombolewa. Sidai tena. Nawauliza wenye msiba, kitu kilichogombolewa ni cha nani?"

Baba mkubwa akaanza kusema kwamba mtoto ni mtoto, kwamba utani ni utani. Shangazi Tatu akainuka. Alikuwa mkubwa wao, aliyewabeba wote wawili mgongoni.

"Hamisi, ulipewa mzigo mbele yetu ukaukataa. Ukasema abebe mtoto, amebeba. Kama ulitaka gari, chumvi ilikuwa pale sokoni."

"Dada, mimi ndiye niliyezika."

"Na Mungu atakulipa. Gari ni la mtoto, liko kwa mama yake. Mbuzi wako rudi nao."

Baba mkubwa aliwatazama wazee, na wazee walikuwa wanatazama mbuzi. Angeweza kubisha. Lakini angerudi vipi Nzega, asimulie kwamba alimnyang'anya mtoto yatima gari aliloligomboa kwa kichwa, mbele ya mtani na ukoo mzima? Akapanda lori. Lilipogeuka lilikanyaga gunia letu la chumvi, na hakuna aliyelalamika.

Watu walipotawanyika jioni nilikwenda uani kulitazama gari langu. Nilikuwa na ufunguo ndani ya ngumi, umenichoma alama. Mzee Kondo alikuwa upande wa pili, ule wa kijivu. Nilidhani anafuta chaki. Alikuwa ameinama, paji la uso limegusa mlango, mikono yote miwili juu ya paa, na mabega yake yanapanda na kushuka. Analia kwa sauti ndogo, ya mtu aliyeizuia kwa siku arobaini. Alikuwa akimwita baba kwa jina lake, jina tupu, bila Mnyamwezi.

Nilitaka kukimbia. Nilitaka pia kumshika kanzu na kumwomba radhi kwa kila neno, lakini nilikuwa mtoto na sikuwa na maneno hayo. Yaliyokuwepo mdomoni yalikuwa ya aina moja tu.

"Mzee Kondo," nikasema, "usililoweshe gari langu."

Alinyanyua uso. Macho mekundu, pua imepakwa chaki.

"Gari lako halina upande mmoja, Mnyamwezi wewe," akasema, akarudisha paji la uso mlangoni akaendelea kulia, nami nikaketi chini karibu na miguu yake mpaka mama alipotuita kula.